Dawa ya asidi haizimi kongosho

Dada wa Kondele, umeuliza kama omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, uliyoandikiwa kwa vidonda vya tumbo italizima kongosho, tezi iliyo nyuma ya tumbo inayosaidia kusaga chakula, kwa sababu ulisikia asidi ndiyo huliamsha. Tafadhali usiache dawa.

Ulichosikia kina ukweli, lakini si wote. Chakula chenye asidi kikiteremka kwenye duodenamu, mwanzo wa utumbo mwembamba, na pH (kipimo cha asidi; ikishuka, asidi ni kali zaidi) ikafika chini ya 4.5, utando wake hutoa homoni ya sekretini. Homoni hiyo hupita kwenye damu hadi kwenye kongosho, nalo humwaga maji yenye bikaboneti ya kupunguza ukali wa asidi. Wanasayansi Bayliss na Starling waliigundua London mwaka 1902. Asidi ikipungua, sekretini nayo hupungua, kwa kuwa kazi yenyewe imepungua.

Vimeng'enya, yaani kemikali za kongosho zinazovunja chakula, vina mwito mwingine. Ukila samaki aina ya ngege wa kukaanga, mafuta na protini yake huchochea homoni ya kolesistokinini, ambayo hulifanya kongosho litoe vimeng'enya na kuubana mfuko wa nyongo. Njia hiyo haisubiri asidi.

Ila ukiona choo chenye mafuta kinachoelea, ukikonda bila sababu, au tumbo la juu likiuma hadi mgongoni, nenda hospitali upesi. Usingoje kliniki ijayo.