Karakana ya Mama Neema: Mopa ya nyavu ya dagaa

SWALI: Shikamoo Mama Neema. Naishi Kirumba, Mwanza, karibu na soko la samaki la Mwaloni. Mama yangu anauza dagaa, na chumba cha mbele tumekifanya stoo, kwa hiyo sakafu yetu ya saruji haiishi mafuta na vumbi la dagaa. Mgongo unamsumbua, hawezi tena kuinama na tambara la deki. Nimemtengenezea mopa. Mpini ni bomba la chuma. Kichwa ni vipande vya fulana za mitumba nilivyochanganya na nyavu chakavu ya dagaa. Juu ya mpini nimevisha kipande cha bomba la plastiki. Ukikishusha kwa nguvu kinabana kichwa, maji yanatoka bila kushika uchafu kwa mkono. Shida ni kwamba maji hayatoki yote, sakafu inabaki na dimbwi, na lile bomba limeshapasuka. Marafiki wengine wananiambia nisajili hataza, yaani haki ya kisheria ya uvumbuzi, kabla sijaibiwa, wengine wanasema mopa zimejaa madukani, nisipoteze muda. Vifaa vimenigharimu kama shilingi 11,000. Nifanyeje?
J., Kirumba

JIBU: Marahaba mwanangu. Hao wanaosema mopa zimejaa madukani, waulize mara ya mwisho walipiga deki lini. Mopa nyingi zinazouzwa pale sokoni Makoroboi ni za sakafu ya marumaru. Ipeleke kwenye saruji iliyochubuka uone: nyuzi zinanasa, zinachanika, na mafuta ya dagaa yanahamishwa tu kutoka kona hii kwenda ile.

Kilichonifanya niisome barua yako mara ya pili ni nyavu. Pamba inanyonya maji lakini haikwangui. Nailoni hainyonyi maji ya maana, ila yale macho madogo ya nyavu ya dagaa yanaingia kwenye vishimo vya saruji na kung'oa kilichoganda. Wewe umeviweka pamoja. Kaa na nyavu ya dagaa hiyohiyo, usishawishike kuchukua timba, ile nyavu ya uzi mmoja wa plastiki, kwa sababu ni ngumu zaidi. Timba inakata vidole, halafu imepigwa marufuku, na sitaki kusikia umekamatwa nayo ukijitetea kwamba unapigia deki.

Sasa kukamua. Hapo hujavumbua, na nakuambia mapema ili usitumie pesa kulinda kisicho chako. Mwaka 1893 Mmarekani mweusi aitwaye Thomas W. Stewart alipata hataza ya mopa inayokamuliwa kwa wenzo. Mwaka 1990 mama mmoja wa New York, Joy Mangano, akaja na Miracle Mop, ambayo kichwa chake kinasokotwa bila mikono kulowa, akaiuza kwa wingi kupitia televisheni. Usinune. Hataza ya 1893 muda wake ulikwisha zamani, na maandishi na michoro yake viko wazi kwenye intaneti. Isome. Ni shule ya bure.

Bomba lako limepasuka kwa sababu unasukuma. Kadiri unavyolishusha, vitambaa vinajazana mdomoni, na nguvu ya mama yako inaishia kwenye ukuta wa plastiki badala ya kwenye maji. Acha kusukuma, sokota, kama unavyokamua shuka. Funga ncha moja ya kila kipande chini kabisa kwenye mpini. Ncha ya pili ifunge kwenye bomba jingine la alumini, pana kidogo, linaloteleza na kuzunguka juu ya mpini. Wakati wa kudeki bomba hilo liko chini, vitambaa vinajikunja na kutawanyika sakafuni. Wakati wa kukamua unalivuta juu mpaka vitambaa vinyooke, halafu unalizungusha. Liwe refu, lifike usawa wa kiuno cha mama, na mwambie fundi aliwekee vishikio viwili pembeni. Vikiwa vifupi, mikono itachoka kabla maji hayajatoka. Nyavu ishone katikati ya kipande tu, pale panapogusa sakafu. Ukiifikisha kwenye ncha, italeta uvimbe unapokaza na pamba ya jirani itabaki na maji yake.

Huo mpini wa chuma badilisha. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo kichwa kikilowa tayari mama anabeba mzigo, usimwongezee mwingine. Tena chuma kitashika kutu. Alumini ni nyepesi. Ukiikosa, mti mkavu ulionyooka unatosha.

Dimbwi litapungua ukikamua vizuri, lakini mafuta yanataka maji ya moto na sabuni kwanza, na ndoo mbili, ya sabuni na ya kusuuzia. Najua maji yenyewe ni ya shida. Sisi wa milimani tunaliona ziwa dirishani na bado tunapandisha madumu. Mopa inayokamuka vizuri haichafui ndoo ya pili haraka, na hilo ulitaje utakapoanza kuuza.

Kuhusu hataza, nenda BRELA, wakala wa serikali wa usajili, ila nenda na hoja ya kile kichwa cha pamba na nyavu na jinsi kilivyoshonwa. Lazima kiwe kipya duniani, si kipya Kirumba. Uliza pia cheti cha uvumbuzi mdogo, ambacho masharti yake ni mepesi kuliko ya hataza. Hataza ya BRELA inalinda Tanzania Bara tu. Ukifikiria majirani, kuna ARIPO, shirika la Afrika la haki za uvumbuzi, kule Harare. Kabla ya kuomba, usiipeleke kwenye maonyesho ya Nane Nane pale Nyamhongolo ukawaonyesha watu, kwa sababu kitu kilichokwisha kuonyeshwa hadharani kinaweza kukosa sifa ya upya. Wape wanawake wawili watatu unaowaamini, wauza dagaa wenzake mama, usiwaelekeze chochote, uangalie mikono yao inakwenda wapi. Kwa ushauri wa kutengeneza nyingi, SIDO, shirika la viwanda vidogo, wapo hapahapa Mwanza.

Hiyo 11,000 haina ujira wako ndani, na vishikio na alumini vitaipandisha. Usihangaike kuishusha. Mpini utauza mara moja kwa kila nyumba, lakini kichwa kitachakaa na mteja atarudi. Tengeneza kichwa kinachofunguka kwa skrubu, na nyavu chakavu zianze kununuliwa sasa, kabla wavuvi hawajajua unazifanyia nini.