Swali la lugha: Zebaki au Utaridi, ipi ndo sayari?

Msomaji mmoja wa Morogoro ana mtoto darasa la tano, na swali lake kwa ufupi ni hili: daftari la mtoto linasema sayari iliyo karibu kabisa na Jua ni Zebaki, yeye kafungua kamusi kakuta Utaridi, tena ile yenye pete mtoto kaandika Sarateni na kamusi inasema Zohali. Anauliza nani kakosea, na kama haya majina ya Kiarabu yana ulazima wowote wakati redioni wanasema Mars na Jupita na watu wanaelewa vizuri tu.

Mtoto hana kosa, kaandika kilichomo kitabuni, na kama mtihani unataka Zebaki basi aandike Zebaki achukue maksi zake. Ila ukiniuliza mimi natumia Utaridi na Zohali, na sababu ninazo.

Zebaki ni madini. Muulize mchimbaji mdogo yeyote wa Geita au Chunya atakwambia, ndo ile inayong'aa kama fedha iliyoyeyuka, wanaimwaga kwenye mchanga ikamate dhahabu halafu wanaichoma ipotee ibaki dhahabu (na moshi wake ni sumu, lakini hilo si swali la leo). Sasa kwa Kiingereza hayo madini na hiyo sayari vina jina moja, yote mawili yametokana na mungu wa Warumi, kwa hiyo inaonekana mtafsiri alikutana na Mercury akakimbilia jina la kemia, ikawa Zebaki. Kiswahili hakikuwa na tatizo hilo kabisa, zebaki ilikuwa zebaki na Utaridi ilikuwa Utaridi, tumejiletea mkanganyiko wa watu wengine. Na matokeo yake unapata sentensi za ajabu, mfano uandike "mchana joto la Zebaki hufika nyuzi 430", mtoto aliyesoma kemia atashangaa maana zebaki inachemka kwenye nyuzi 357, hiyo sayari ingekuwa imeshageuka mvuke zamani! Ukiandika Utaridi hakuna wa kushangaa.

Sarateni nayo inaonekana ni Saturn ya Kiingereza iliyovalishwa kanzu, tatizo ni kwamba imeenda kukaa mlango mmoja na saratani, ambayo kwetu ni ugonjwa na pia ni jina la kundinyota la Kaa. Wanajimu wakitaka kusema Zohali imeingia kwenye nyota ya Saratani, kwa majina ya kitabuni watasema Sarateni imeingia Saratani, haya jaribu kuisoma hiyo kwa sauti bila kujikwaa. Kausi ni hivyo hivyo, wapo walioipa Neptuni jina hilo wakati Kausi ni upinde, ni kundinyota la Mshale, lina kazi yake tayari.

Sasa kwa nini Utaridi, Zuhura (Venus), Mirihi (Mars), Mshtarii (Jupita) na Zohali zina majina yaliyokomaa halafu Urani (Uranus) na Neptuni tunaazima za Kizungu? Hapa ndo pananoga. Zile tano zinaonekana kwa macho bila chombo chochote, watu wamezitazama tangu kale, na majina yake yalikuja pwani pamoja na falaki, yaani elimu ya nyota, kama yalivyokuja majina mengi ya nyota. Hata neno sayari lenyewe ni la Kiarabu, maana yake kinachokwenda, kwa sababu nyota nyingine zinabaki pale pale kwenye makundi yake ila hizi kila wiki unazikuta zimehama (wenzetu wa Muscat na Dubai wanajua kwamba siku hizi Waarabu gari wanaliita kwa neno karibu na hilo, ni mzizi ule ule wa kwenda). Ndo maana kwenye hesabu ya zamani sayari zilikuwa saba, na Jua limo, Mwezi umo, Dunia haimo! Dunia si imetulia bwana, tumesimama juu yake. Kwa hiyo ukifungua kitabu cha unajimu ukakuta Jua limeitwa sayari usiseme mwandishi mjinga, anatumia neno kwa maana yake ya kwanza.

Maana ilibadilika taratibu. Mwanafalaki Copernicus mwaka 1543 alitoa kitabu kinachosema Jua liko katikati na Dunia inazunguka kama wenzake, mwenzake wa baadaye, Kepler, akahangaika miaka na Mirihi peke yake, hesabu za duara zinakataa, mpaka 1609 akatangaza kwamba njia yake si duara ni duaradufu, yaani duara lililobonyezwa kidogo. Januari 1610 Galileo wa Italia akaelekeza darubini kwa Mshtarii, akaona vinyota vinne vinahama pembeni yake usiku hadi usiku, akaelewa kwamba vinaizunguka Mshtarii. Tangu hapo ukisema "sayari ya Dunia" umeshakubaliana na hao watu hata kama hujawahi kuwasikia.

Urani ilipatikana tarehe 13 Machi 1781, na aliyeiona ni William Herschel, mwanamuziki wa mji wa Bath huko Uingereza aliyejitengenezea darubini mwenyewe, mwanzoni akadhani ni nyotamkia. Neptuni ndo kabisa, ilianza kupatikana kwenye karatasi, Le Verrier wa Ufaransa alipiga hesabu kwa nini Urani inayumba kwenye njia yake, akamwandikia mwanafalaki Galle wa Berlin tazama mahali fulani, barua ikafika 23 Septemba 1846 na usiku ule ule sayari ikaonekana. Sasa jina la Kiswahili la zamani lingetoka wapi? Hakuna nahodha aliyewahi kuiona Neptuni, na mpaka leo chombo kilichozipitia hizo mbili kwa karibu ni kimoja tu, Voyager 2, Urani mwaka 1986 na Neptuni 1989. Zimegunduliwa huko na zimebatizwa huko huko, tuchukue Urani na Neptuni kama zilivyo tusizitafutie majina ya kuokota.

Na Kiswahili nacho kikipata nafasi kinabatiza vilevile, tarehe 12 Desemba 1970 setilaiti ya Marekani ilirushwa kutoka jukwaa la Waitaliano baharini karibu na Malindi, na kwa kuwa ni sikukuu ya uhuru wa Kenya ikaitwa Uhuru, na wanafalaki dunia nzima wanaiita hivyo hivyo.

Kuhusu Mars na Jupita, redioni waseme tu, sitagombana na mtu. Jupita imekaa vizuri mdomoni, ina irabu mwishoni. Mars ndo inanikera kidogo kwa sababu Mirihi ni fupi, ni tamu, na watu wanaijua. Ila "nyota ya Mars" hapana, hiyo si nyota, haina mwanga wake, inarudisha tu wa Jua.

La mwisho ambalo hakuuliza ila naliona kila siku: Mwezi wetu andika kwa herufi kubwa, miezi ya wengine kwa ndogo, kwa hiyo Mirihi ina miezi miwili, Phobos na Deimos. Na chombo kinatua Mwezini, hiyo -ni inakubali vizuri, lakini Mirihini na Zuhurani zinasikika vibaya sikioni mwangu, sema kimetua kwenye Mirihi, kimetua kwenye Zuhura.