Majarida manne yaliikataa: ninachotaka mtafiti mchanga ajue

Jumanne iliyopita, saa kumi na moja alfajiri, nilifungua barua pepe nikakuta neno nililolisubiri kwa miaka sita: makala yangu imekubaliwa. Majarida manne yalikuwa yameshaikataa. Niliisoma ile barua mara tatu nikiwa nimekaa kitandani, kisha nikalia, na sioni haya kulisema hilo. Wapo walioniambia niitupe kazi hii. Namshukuru Mungu sikuwasikiliza.

Naandika haya kwa sababu najua wengi mnaonisoma mna hamu ileile niliyokuwa nayo: kufanya utafiti utakaogusa afya ya watu, na jina lako lionekane juu ya kurasa zake. Basi nisikilizeni, maana njia niliyopita mimi sitaki mwingine aipite.

Utafiti wangu wa kwanza ulihusu kunawa mikono kwa sabuni majumbani. Dodoso nililitunga mezani kwa siku mbili, maswali arobaini na mawili, nikaona limekamilika. Sikulijaribisha kwa mtu hata mmoja. Habari za kibali cha kamati ya maadili na mafunzo ya wahojaji nitaziruka. Zilikula miezi, ila hazina kisa. Tukaingia uwandani, majibu yakaja mazuri kuliko nilivyoomba. Karibu kila kaya ilisema inanawa kwa sabuni kabla ya kula na baada ya kutoka chooni. Nikaanza kuandika muhtasari wa makala kichwani.

Wiki ya tatu mhojaji mmoja aliugua, nikashika nafasi yake. Kaya ya pili siku hiyo nilipokewa na mama mmoja mtu mzima, mchangamfu. Swali la sabuni alilijibu kabla sijalimaliza: "Ndiyo mwanangu, kila mara." Nikaweka alama ya tiki. Nilipokuwa natoka nikapita karibu na choo, nikaona ndoo ya maji na sabuni juu ya kisahani. Nikainama. Sabuni ilikuwa kavu, imepasukapasuka, vumbi limeikalia, na herufi zilizogandamizwa kiwandani zilisomeka zote hadi ya mwisho. Sabuni inayoshikwa kila siku haichukui muda kupoteza herufi zake. Nilisimama pale nikiitazama kwa muda mrefu. Yule mama hakuwa mwongo. Nilimwuliza swali lenye jibu moja tu la heshima, naye alinistahi kama mgeni.

Usiku ule niliyapitia madodoso yote upya, moja baada ya jingine. Safu ya umri ilinishtua: 30, 35, 40, 45, 50. Wenye miaka 37 au 43 walikuwa wa kuhesabu kwa vidole. Wataalamu wa takwimu za watu wanalijua jambo hili la watu kukadiria umri wao tangu zamani, na wana hata kipimo chake, kipimo cha Whipple, kinachoonyesha watu wamejazana kiasi gani kwenye umri unaoishia na sifuri au tano. Mimi nilikisoma darasani, nikafaulu mtihani wake, na bado sikukiona mbele ya macho yangu hadi usiku ule. Shinikizo la damu nalo linapatwa na ugonjwa huohuo, mpimaji anapenda kuishia na sifuri.

Nilirudi kwenye kamati ya maadili kuomba kibali cha nyongeza, na safari hii tukashuhudia badala ya kuuliza. Mtu mmoja anakaa kwenye kaya tangu asubuhi na kuandika anachokiona. Mtu hunawa zaidi akijua anatazamwa, kwa hiyo hata hapo picha ilikuwa imepambwa. Pamoja na hayo, pengo kati ya waliyosema na tuliyoyaona lilikuwa kubwa mno.

Nilimpelekea msimamizi wangu nikiwa nimejaa furaha. Akasoma, akavua miwani, akasema, "Haya ya kushuhudia yaache. Yanakuharibia matokeo." Nilikuwa mwanafunzi, na saini iliyohitajika ilikuwa yake. Nikayaacha. Tasnifu ikapita. Miezi michache baadaye niliwasilisha kwenye mkutano, na mtu mmoja wa safu ya nyuma akanyanyua mkono: "Hao waliosema wananawa, nani aliwaona?" Jibu nilikuwa nalo, ndani ya daftari lililokuwa kwenye mkoba miguuni pangu. Sikulitoa. Nikasema jambo fulani kuhusu mipaka ya utafiti, watu wakapiga makofi. Bado inaniuma.

Kilichoniinua ni kusoma yaliyowapata waliotutangulia. Daktari Ignaz Semmelweis, mwaka 1847, aliwataka madaktari wa wodi ya wazazi Vienna wanawe mikono kwa maji ya klorini. Vifo vya wazazi vilivyopita asilimia 18 mwezi Aprili vilishuka hadi kama 2 mwezi Juni. Lakini kitabu chake kilitoka mwaka 1861, miaka kumi na minne baadaye, na kwa muda huo wote wakubwa wa taaluma walimpinga. Ndugu yangu, miaka kumi na minne! Tena kuna jaribio la Finland lililochapishwa mwaka 1994, wavuta sigara zaidi ya 29,000, likitarajiwa kuonyesha kwamba vidonge vya beta-karotini, kirutubishi ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A, vinakinga saratani ya mapafu. Likakuta waliovimeza waliugua zaidi. Watafiti wale wangeyaficha, nani angejua? Waliyatoa, na leo wavuta sigara wanashauriwa wasivimeze vidonge hivyo. Hata Azimio la Helsinki, lile la maadili ya utafiti wa tiba kwa binadamu la mwaka 1964 ambalo kila kamati ya maadili inaliheshimu, katika marekebisho yake linatutaka tuchapishe matokeo hasi sawasawa na yale mazuri.

Basi mimi nikaandika makala ileile upya, daftari likiwa ndani yake. Mhakiki mmoja alisema sampuli ni ndogo, na kwa hilo alikuwa na haki. Mwingine alisema hakuna jipya. Nikarekebisha, nikatuma tena.

Wewe unayeanza, jaribisha dodoso lako kwa watu kabla hujaingia uwandani. Nenda uwandani mwenyewe, usiwaachie wahojaji peke yao. Usimwulize mtu swali ambalo jibu lake la kweli litamwaibisha. Tafuta kitu cha kutazama. Na narudia, jaribisha dodoso. Msimamizi akikuambia uache ukweli wako nje, mwombe akuandikie hivyo kwa mkono wake, uone kama atakubali. Watu walikufungulia milango na kukupa muda wao bure. Huna haki ya kuchagua lipi la kwao lisikike na lipi lifukiwe kwa sababu linaharibu jedwali lako. Tuache kuandika tafiti za kuwafurahisha wakubwa!

Jumamosi narudi kwenye zile kaya kuwasomea matokeo, jambo nililopaswa kulifanya miaka sita iliyopita. Nitaanzia kwa yule mama, kama bado anaishi pale. Nimeamua sitamwuliza tena habari za sabuni. Nitamwuliza ni nini hasa kinachofanya ikae pale bila kuguswa.