Taa ya eabegi haizimiki kwenye Toyota Wish: anza na kloku springi

Ndugu, umesema taa ya eabegi (mfuko wa hewa unaokukinga kwenye ajali) inawaka muda wote, kuchomoa betri hakukusaidia, na honi nayo siku hizi inalia ikitaka. Hiyo honi ndiyo dalili kubwa. Umeme wake na wa eabegi ya dereva hupita kwenye kloku springi, ule utepe wa nyaya uliojikunja nyuma ya usukani. Ukikatika, vyote viwili husumbua.

Thibitisha kwanza kwa kusoma kodi, yaani namba za hitilafu zilizohifadhiwa kwenye kompyuta ya gari. Viskana vidogo vya bluetooth mara nyingi husoma injini tu. Tafuta fundi mwenye mashine inayoingia SRS, yaani mfumo wa eabegi. Ikitoa B1801, mzunguko wa eabegi ya dereva umekatika. Zikija kodi za viti, kagua plagi za manjano chini ya kiti, hulegea kiti kikisogezwa au kapeti likioshwa.

Kabla ya kugusa usukani, zima swichi, chomoa waya hasi wa betri, subiri angalau sekunde 90. Usipime eabegi yenyewe kwa mita tafadhali, inaweza kukulipukia usoni.

Soko la vipuri la Kisekka, Kampala, kloku springi zilizotumika zipo, ila hapa nunua mpya. Magurudumu yakiwa yamenyooka, izungushe taratibu kinyume cha saa mpaka igome, kisha irudishe mizunguko kama miwili na nusu, alama zikutane. Ukikosea hapo utepe utakatika ukikata kona kali. Halafu kodi ifutwe kwa mashine.

Fundi akitaka kutoa balbu ya hiyo taa au kuunganisha rezista ya kudanganya mfumo, kataa kabisa: siku ya ajali eabegi inaweza isifunguke.