Ujerumani na Uswisi: kinachobadilika ukivuka mpaka

Dada, umeuliza kama maandalizi ya Ujerumani yatatosha ukivuka kwenda Uswisi. Viza ni ileile ya Schengen, yaani viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, ila tembea na pasipoti. Pesa ni tofauti: huku yuro, kule faranga. Maduka mengi ya Uswisi hupokea yuro, lakini chenji hurudi kwa faranga, afadhali kadi.

Kinachowaumiza wengi ni simu. Uswisi haimo katika Umoja wa Ulaya, kwa hiyo bando la Ujerumani huenda lisihesabike kule na gharama zikapanda haraka sana. Uliza kampuni yako ya simu mapema. La sivyo, zima data kabla ya kufika Basel, mji wa Uswisi ulio mpakani. Plagi nene ya Kijerumani haiingii kwenye soketi za Uswisi, beba adapta. Dharura, piga 112 kote kuwili. Kama unatumia dawa za kila siku, zungumza na daktari wako kabla ya kuondoka.