Pomboo, nyangumi na kasa: patana na nahodha kabla hamjapanda boti

Mwalimu, umesema mko walimu wanane hapo Kigoma mjini, mnataka kushuka pwani likizo hii kuwaona pomboo, nyangumi na kasa bila kuwabughudhi, na hamjajua muende Juni au Desemba. Nianze na mwezi, maana ukikosea hapo nauli yote ya treni inapotea.

Hakuna likizo itakayowapa vyote. Pomboo wa Kizimkazi, kusini mwa Unguja, wapo mwaka mzima. Nyangumi wenye nundu hutoka bahari ya baridi kule kusini, huja kuzaa, na hupita pwani yetu kati ya Julai na Oktoba hivi. Mtu akikuahidi nyangumi Desemba, muage. Kasa wachanga wa kisiwa cha Juani, Mafia, hutoka kwenye mchanga zaidi Juni hadi Septemba. Halafu yupo papa potwe wa Kilindoni, hukohuko Mafia, kuanzia Oktoba hadi karibu na Machi. Wengi humwita nyangumi kwa ukubwa wake, lakini ni samaki.

Kwa hiyo Juni mwishoni na Julai ni kasa wachanga, na nyangumi kwa bahati. Desemba ni pomboo na papa potwe. Ila Julai ni msimu wa kusi, upepo unaotoka kusini, na Kizimkazi iko upande huohuo wa kusini. Upepo ukikaza mawimbi yanapanda na pomboo hawaonekani vizuri hata wakiwepo. Desemba kuna kaskazi, upepo unaotoka kaskazini, na kisiwa chenyewe kinawakinga. Kama wengi wenu hamjazoea bahari, nendeni Desemba.

Sasa jambo lenyewe. Pomboo wa Kizimkazi wanafukuzwa kwa sababu ya mteja. Nahodha anajua abiria akirudi hajawaona karibu atanuna na bakshishi hakuna, basi anakimbiza boti, anawakata mbele, anapiga kelele "rukeni!" Boti nyingine nazo zinafanya hivyohivyo. Utafiti uliofanyika hapohapo na kuchapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba boti za watalii zikiwepo, pomboo hupunguza kupumzika na kucheza pamoja, na hutumia muda mwingi zaidi kusafiri tu. Pomboo hupumzika huku akiogelea: kundi limekaa pamoja, linakwenda taratibu, linazama na kuibuka kwa mpangilio. Mgeni akiona hivyo anadhani wametulia, ni wakati wa kuingia majini, kumbe ndio wakati wao wa kulala. Na jike huzaa mtoto mmoja tu, kisha hukaa miaka kadhaa kabla ya kuzaa mwingine, kwa hiyo madhara ya leo hayaonekani mwaka huu.

Wala msiisusie Kizimkazi. Kabla ya utalii pomboo hao walikuwa wakivuliwa, nyama yao inakuwa chambo cha papa. Wateja wanaokuja kumtazama akiwa hai wana faida, wakija vizuri.

Kwa hiyo mpatane mkiwa bado ufukweni, kabla ya kutoa pesa. Mwambieni nahodha kwamba bei ni ya safari, wanyama waonekane wasionekane, atalipwa yote. Mwambieni pia bakshishi yake ni ya kukaa mbali. Sentensi hizo mbili zinabadilisha uendeshaji kuliko kugombana naye baharini, kwa sababu zinamwondolea hofu ya kukosa riziki. Tokeni alfajiri, saa kumi na mbili, kabla magari ya wageni wa hoteli za kaskazini hayajafika.

Mkiwaona, mwendo upungue mapema, tangu mita 300 hivi. Boti iwajie kwa ubavuni, nyuma kidogo, iende sambamba nao, isiwatangulie na isilipasue kundi. Kwa pomboo isimame mita 50, kwa nyangumi 100, gia iwe frii. Wakisogea wenyewe, sawa, mtulie. Zikiwepo tayari boti mbili, ya tatu isubiri mbali. Nusu saa inatosha. Wakianza kupiga maji kwa mkia, kubadilisha njia kila mara au kuzama muda mrefu, ondokeni polepole. Mimi nashauri kwa pomboo msiingie majini kabisa. Kutoka kwenye boti mtaona mengi zaidi, maana anayeruka huona povu na mikia inayoondoka. Nyangumi akizama msikimbilie mnapodhani ataibukia, na jike mwenye mtoto mpeni nafasi zaidi.

Papa potwe mnaweza kuogelea naye, wanne wanne, mkiteleza majini bila kuruka. Kaeni mita 3 kutoka ubavuni na 4 kutoka mkiani, kwani mkia ule ukikupata unaumia. Msimzibe mbele, msimguse, msitumie mwanga wa kamera. Badala ya kujipaka mafuta ya kuzuia jua, vaeni fulana ya mikono mirefu.

Kasa mkubwa naye lazima aibuke kuvuta hewa, hivyo msikae juu yake wala kumzunguka. Boti ikipita penye majani ya bahari iende taratibu, kwa sababu ndiyo malisho ya kasa wa kijani, na rafadha, yaani pangaboi la injini, hupasua gamba. Kule Juani kaeni nyuma ya kiota, kamwe msisimame kati yake na maji, msiwashe tochi, na msimbebe mtoto kumpeleka baharini hata akionekana anahangaika. Atembee mwenyewe.

Haya si mageni kwa watu wa Kigoma. Kule hifadhi ya Gombe, sokwe hutazamwa kutoka mita 10 na kwa saa moja tu, na hakuna anayemfukuza sokwe ili apige picha. Tofauti ni kwamba Kizimkazi mara nyingi hakuna askari wa hifadhi kwenye boti yenu.

Kabla ya safari, fanyeni mazoezi ya miwani na mrija hapo ufukwe wa Jakobsen mpaka mtu aweze kuelea dakika kumi bila kupiga miguu hovyo. Anayetapatapa ndiye humtisha mnyama. Siku yenyewe hesabuni maboya ya kuvaa, manane ya kwenu na ya mabaharia, na mkague ngazi ya kupandia, makasia na simu yenye chaji. Mkienda Juani, ulizeni mapema saa ya maji kujaa na kupwa. Ziwani hamna jambo hilo, na wageni wa bara hulisahau mpaka boti inakaa mchangani.