Mzee wa Manioda

Mhariri, wiki hii mmeuliza: "Ni mwongozaji gani wa filamu ambaye ungependa vijana wetu wamjue, na kwa nini?" Wengi watataja wa Dar es Salaam au wa Nigeria, na wana haki. Mimi namtaja Ousmane Sembène wa Senegal.

Nina kibanda umiza, yaani banda la kuonyeshea filamu, hapa Mwanjelwa, Mbeya. Kazi yangu ni kutafsiri: picha inatembea, nami nimeshika maiki nawaeleza watu kinachosemwa. Kwa hiyo habari ya lugha kwenye filamu ni ugali wangu.

Sembène alizaliwa mwaka 1923 huko Ziguinchor, mtoto wa mvuvi. Shule alifukuzwa mapema. Akafanya uashi na umakenika, akachukuliwa na jeshi la Wafaransa wakati wa Vita vya Pili, kisha akawa kuli katika bandari ya Marseille, Ufaransa. Huko aliumia vibaya uti wa mgongo kwa kupakua mizigo, na akiwa anajiuguza ndipo alipozama kwenye vitabu. Mwaka 1956 akatoa riwaya yake ya kwanza, inayomhusu kuli mweusi.

Hapa ndipo ninapompendea. Alikuwa tayari ana jina kama mwandishi, lakini aliona kwamba watu anaowaandika hawawezi kumsoma, maana Kifaransa cha vitabu hawakijui. Basi akaenda Moscow kujifunza filamu, umri unakaribia miaka 40. Mwaka 1963 akatoa Borom Sarret, ya dakika kama 20: mwenye mkokoteni wa farasi jijini Dakar ananyang'anywa mkokoteni kwa kuingia mtaa wa wakubwa. Vijana wa bajaji wakiiona hapa kwangu, hilo siwatafsirii. Wanaelewa wenyewe.

Filamu yake ninayoipenda kuliko zote ni Mandabi, ya 1968, ambayo watu wanaongea Kiwolof, lugha ya kwao Senegal. Krismasi moja niliibeba kwenda kwetu Tukuyu, nikatundika shuka ukutani sebuleni kwa mama. Wazee wa pale Kiswahili wanakijua, ila nilipoanza tu mama akanikatiza: "Mwanangu, tuambie kwa Kinyakyusa." Sikuwahi kutafsiri kwa lugha ile. Maneno yalikuja polepole, na mengine mama aliwahi kuyasema kabla yangu.

Filamu inaanza kwa kinyozi kumnyoa mzee Dieng kichwa chini ya mti, kisha anamwingizia wembe puani, taratibu, kamera ikiwa karibu kabisa. Sebule nzima ilishika pua. Baadaye mzee anapata manioda, ile hati ya posta ya kutumiana pesa, ya faranga 25,000 kutoka kwa mpwa wake anayefagia mitaa ya Paris. Posta wanataka kitambulisho. Kitambulisho kinataka cheti cha kuzaliwa, na mzee tarehe aliyozaliwa haijui. Hapo kicheko kikakatika. Nusu ya waliokaa pale walizaliwa bila karatasi yoyote. Marehemu baba mwenyewe alirudishwa mara tatu na ofisi moja, kwa kuwa jina lake lilikuwa na 'l' kwenye karatasi moja na 'r' kwenye nyingine. Kinyakyusa hakina hata hiyo 'r'! Mama aliitazama ile shuka bila kupepesa, mkono shavuni.

Kwa herufi moja Sembène naye aliumizwa. Filamu yake Ceddo ya 1977 ilizuiwa Senegal, na sababu iliyotolewa na serikali ya Rais Senghor ni kwamba jina hilo liandikwe kwa 'd' moja. Yeye akashikilia zake mbili.

Hakuacha kazi. Mwaka 2004, ana miaka 81, alitoa Moolaadé, habari ya mwanamke anayewakinga wasichana wasikeketwe, ikapata tuzo kwenye tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa. Alifariki Dakar, Juni 2007.

Nirudi Tukuyu: kesho yake asubuhi baada ya ile Mandabi, tunamenya ndizi, mama akaniuliza kama yule mzee mwishowe alipewa hela zake. Alikuwa amesinzia kabla haijaisha. Nikamwambia hapana, ndugu yake msomi alijifanya kumsaidia, akazila zote. Mama akaweka kisu chini, akanyamaza kitambo.

Desemba narudi tena. Ameshaniagiza nije na ile ya mzee wa manioda, na safari hii niongee kwa sauti, kwa sababu waliokaa mlangoni hawakunisikia vizuri.